Piza ya Kuoka Mwenyewe: Umeuziwa Chakula ama Umepewa Kazi?

Wasee, kuna ubishi haukosi kwa base. Ile piza ya kwenye friza ya supamaketi, ile unanunua mbichi, unabeba hadi keja na kujiokea, ni bei poa kweli ama tunachezwa? Kuna wanaoapa kwamba inaokoa chapaa. Kuna wanaouliza, kwani nilipe halafu bado niingie jikoni kama sijalipa?

Mimi nimeamua kuingia kwa huu ubishi kupitia mlango wa historia, kwa sababu bei iliyoandikwa kwa boksi haikuambii kitu. Historia ya piza, na ya mkate kwa jumla, ni historia ya swali moja: moto ni wa nani? Unga, nyanya na jibini vinajulikana bei. Moto ndio hufichwa. Na kila mara katika historia mtu akikuuzia chakula rahisi, angalia vizuri ni nani amelipia moto.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usiseme nimekuzungusha: piza ya kuoka mwenyewe ni bei nzuri kwa mtu ambaye moto wake ulishalipiwa zamani. Kwa wengine wote ni kazi umepewa, na umelipia kuifanya. Sasa twende polepole.

Zamani unga ulikuwa wako, moto ulikuwa wa mwingine

Mwaka wa 79, mlima Vesuvius ulilipuka na kufunika miji ya Pompeii na Herculaneum, karibu na mahali ambapo leo kuna Napoli. Kati ya vitu vilivyochimbuliwa Herculaneum ni mkate mmoja wa duara, mweusi kama makaa, na juu yake kuna muhuri. Muhuri unasema ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mkate wenye jina la mwenyewe! Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mikate ya nyumba tofauti ilipelekwa kuokwa kwenye tanuri moja, kwa hivyo ilibidi kila mtu aweke alama ndio isibadilishwe. Ni kama tu vile sisi tuliandika majina kwa sahani na vikombe shule ya bweni.

Huo mpango uliendelea karne nyingi. Huko Ufaransa enzi za mabwana wa ardhi, maeneo mengi yalikuwa na tanuri la bwana. Mkulima alilazimika kuoka mkate wake hapo, na kulipa. Kujijengea tanuri lako nyumbani ilikuwa kumnyima bwana mapato, na hiyo ilikuwa makosa. Yaani mtu alilima ngano yake, akakanda unga wake, lakini moto ulikuwa na mwenyewe. Mapinduzi yaliyoanza 1789 ndiyo yaliyozika hizo haki za mabwana.

Moroko nao wana mfumo wao ambao haujakufa hadi leo. Kwa mitaa ya zamani ya miji kama Fez kuna tanuri la mtaa, ferran. Familia inakanda unga nyumbani, mtoto anabeba mbao yenye mikate kichwani, mwoka mikate anaoka, wanamlipa kidogo. Angalia hiyo vizuri: kukanda ni nyumbani, kuoka ni nje. Piza ya friza imegeuza huo mpango kabisa. Kukanda ni nje, kuoka ni kwako.

Kwa nini watu wa zamani walipeleka unga nje? Kwa sababu kupasha tanuri moto kunakula kuni vibaya sana. Ukishalipasha, ni ujinga kuoka mkate mmoja. Ukioka mikate hamsini, gharama ya moto inagawanywa mara hamsini. Hiyo hesabu ni rahisi, na haijawahi kubadilika. Ishike, tutairudia.

Piza ilizaliwa kwa sababu watu hawakuwa na oveni

Siku hizi piza ina sura ya chakula cha birthday na cha kupiga picha. Lakini Napoli ya karne ya 18 na 19 ilikuwa chakula cha watu wa mkono kwa mdomo. Jiji lilikuwa limejaa, masikini wengi waliishi familia nzima kwenye chumba kimoja cha chini kinachofungukia barabarani. Wewe unayeishi bedsita unaelewa. Pa kuweka tanuri hapakuwa, na pesa za kuni hazikuwa. Kwa hivyo mwenye tanuri alioka, wachuuzi wakazunguka mitaani wakiuza vipande kulingana na ulicho nacho mfukoni. Ulikuwa uchumi wa kadogo kabla hatujaupa jina. Hukununua piza, ulinunua kipande cha piza pamoja na kipande cha moto wa mtu mwingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yalikuwa mabaya zaidi Napoli. Jiji lilikuwa limepigwa mabomu, vitu vilikuwa adimu. Hapo ndipo piza ya kukaanga ilishika sana. Mwanamke aliweka sufuria ya mafuta mlangoni kwake, akakanda unga, akakaanga. Hakuhitaji tanuri. Na kulikuwa na desturi ya kula leo na kulipa baada ya siku nane. Ukitaka kuiona, kuna filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka wa 1954, L'oro di Napoli, ambapo Sophia Loren anauza piza ya aina hiyo kwa mkopo. Kwa hivyo ukidhani lipa mdogo mdogo ilianzia kwa simu, pole, mama wa Napoli walitutangulia.

Funzo la Napoli ni fupi. Piza ilikuwa nafuu kwa masikini kwa sababu moto uligawanywa. Siku waliposhindwa kupata tanuri, walibadilisha piza yenyewe ifuate moto waliokuwa nao.

Marekani inaleta moto ndani ya kila nyumba

Wahamiaji wa Italia walibeba piza hadi Marekani. Duka la Lombardi's la New York, ambalo kwa kawaida huhesabiwa la kwanza, linataja mwaka wa 1905. Maduka ya wakati huo yalitumia matanuri makubwa ya makaa ya mawe, na si kila mtu angeweza kujenga tanuri la hivyo. Baada ya vita, oveni za piza za kutumia gesi zikaingia sokoni, na ghafla mtu angeweza kufungua duka la piza mtaa wowote wenye bomba la gesi. Mwaka wa 1958 ndugu wawili, Dan na Frank Carney, walikopa dola 600 kwa mama yao wakaanzisha Pizza Hut huko Wichita, Kansas. Mwaka wa 1960 Tom Monaghan na ndugu yake wakaanza biashara iliyokuja kuwa Domino's huko Michigan.

Lakini mapinduzi makubwa hayakuwa kwa maduka. Yalikuwa kwa jikoni za watu. Kufikia miaka ya 1950, jiko lenye oveni chini yake lilikuwa kitu cha kawaida kwa nyumba ya Mmarekani, na friji pia. Wengi hawakuliona kama gharama tena. Lilikuja na nyumba. Ukipanga, unalikuta hapo kama vile sisi tunakuta sinki.

Mtu mmoja aliyeiona hiyo nafasi ni Rose Totino wa Minneapolis. Yeye na mume wake Jim walifungua duka la piza mwaka wa 1951. Walipoenda benki kuomba mkopo, Rose alibeba piza, kwa sababu watu wa benki hawakuwa wanajua hicho kitu ni nini. Walionja, mkopo ukatoka. Mwaka wa 1962 wakaingia kwa piza ya kugandishwa, na mwaka wa 1975 kampuni ya Pillsbury ikawanunua kwa takriban dola milioni 20. Rose akawa makamu wa rais wa kwanza mwanamke katika kampuni hiyo. Kwa mtoto wa wahamiaji aliyeacha shule mapema kwenda kufanya kazi, hiyo ni kuomoka, na mimi kama mtu aliyetoka campo kabla ya gredi hiyo stori naipenda, sijifichi.

Shida ya piza ya kugandishwa ilikuwa ladha. Ile sehemu ya chini ilikuwa kama karatasi ya boksi, na Rose mwenyewe hakuridhika nayo. Iliwachukua miaka hadi mwisho wa miaka ya 1970 kutengeneza iliyokauka vizuri. Hapo katikati pakabaki pengo: watu walitaka kitu chenye bei ya friza na ladha ya duka.

Duka la piza ambalo halina oveni

Pengo lilizibwa huko pwani ya magharibi. Mwaka wa 1981 duka linaloitwa Papa Aldo's lilifunguliwa Oregon. Mwaka wa 1984 lingine, Murphy's, likafunguliwa California. Wazo lilikuwa lile lile: mteja anaingia, anachagua, wanamtandazia unga na kumwekea vitu juu mbele ya macho yake, wanaifunga kwa plastiki, anaenda kuoka kwake. Terry Collins aliyanunua yote mawili na kuyaunganisha mwaka wa 1995, likazaliwa jina Papa Murphy's. Baadaye lilifikisha maduka zaidi ya 1,000.

Hebu fikiria biashara ya piza bila oveni. Hununui oveni ya bei ghali. Hujengi bomba la moshi. Bili ya gesi au stima ni ndogo. Huhitaji viti, kwa sababu hakuna wa kula hapo. Huhitaji mtu wa boda. Chumba chochote chenye friji na sinki kinatosha. Ndiyo maana bei yao ingeweza kuwa chini ya piza moto, na bado wakabaki na kitu.

Lakini gharama haikupotea hewani. Ilihamia kwa mteja. Oveni ni yake, umeme ni wake, nusu saa ni yake. Ikiungua, imeungua mikononi mwake, na hakuna wa kumrudishia pesa. Biashara ilikuwa imejua huu mchezo tangu mwaka wa 1916, wakati Clarence Saunders alipofungua Piggly Wiggly huko Memphis na kuwaambia wateja wachukue bidhaa kwa rafu wenyewe. Kabla ya hapo, mtu wa duka ndiye alikuchukulia. Watu walipenda kwa sababu bei ilishuka, na pia kwa sababu walijiona huru. Kazi ikihamishwa kwako na punguzo linaloonekana, wengi hatuiiti kazi.

Na kuna sehemu ambayo mimi naona ndiyo tamu zaidi kwa hii stori yote. Marekani kuna msaada wa serikali wa chakula kwa watu wa kipato kidogo, siku hizi unaitwa SNAP. Kwa kawaida sheria hairuhusu kutumia huo msaada kununua chakula moto kilicho tayari kuliwa. Piza iliyotoka kwa oveni, hapana. Lakini piza mbichi? Hiyo ni chakula cha kupika nyumbani, kwa hivyo maduka mengi ya piza mbichi yaliweza kuipokea kadi. Juu ya hapo, majimbo mengi hayatozi kodi ya mauzo kwa chakula kibichi cha nyumbani ilhali yanatoza chakula moto.

Umeona? Kwa mama Mmarekani mwenye kadi ya msaada na watoto watatu, piza ya kuoka mwenyewe haikuwa swali la bob mbili tatu. Ilikuwa ndiyo piza pekee ya dukani ambayo kadi yake ingeweza kununua. Kwake yeye ilikuwa bei nzuri, tena sana. Tofauti kati ya ndiyo na hapana ilikuwa digrii za joto.

Hata hivyo mambo hayakunyooka milele. Papa Murphy's iliingia soko la hisa mwaka wa 2014 kwa dola 11 kwa hisa. Mwaka wa 2019 kampuni ya Canada, MTY, iliinunua yote kwa dola 6.45 kwa hisa. Sababu haziwezi kuwa moja, lakini nyingine iko wazi ukiangalia soko: supamaketi kubwa kama Costco, Walmart na Aldi zilianza kuuza piza mbichi kama hizo, na programu za simu zikafanya piza moto ifike mlangoni kwa kubonyeza tu. Ukiuza kitu ambacho hakina moto, mwenye friji yeyote anaweza kukuiga.

Serikali hupenda kusimama hapo katikati

Usidhani huo mstari kati ya kibichi na kilichopikwa ni mambo ya Wamarekani pekee. Mwaka wa 2012 serikali ya Uingereza ilitangaza kodi ya asilimia 20 kwa vitafunio vinavyouzwa vikiwa moto, ikiwemo zile sambusa zao kubwa za nyama ziitwazo pasty. Kelele ikapigwa nchi nzima. Mjadala ukafika mahali pa kuuliza kitafunio kikipoa kidogo kwa rafu kinahesabiwa moto ama baridi. Kufikia mwezi wa 5 serikali ikarudi nyuma.

Na sisi? Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Mkate tu, ule wa chai. Sihitaji kukukumbusha kilichofuata, wengi wenu mlikuwa hapo. Pendekezo la mkate liliondolewa mapema, halafu mswada wote ukaangushwa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya tarehe 25, na kuna vijana hawakurudi nyumbani. Tunapoongea kuhusu bei ya chakula hatuongei kitu kidogo.

Hata moto wenyewe umekuwa kwa hiyo meza ya kodi. Gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16 mwaka wa 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka wa 2022, ikatolewa kabisa mwaka wa 2023. Kila mara hiyo namba ikicheza, kuna mtu mtaani alirudi kwa makaa.

Wakati huo huo, Nairobi

Sasa sikiza hii. Mwaka ule ule wa 1981, Papa Aldo's ikifungua Oregon kwa kuamini kwamba kila mteja ana oveni, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na mbadala. Kati ya mambo mazito yaliyozungumzwa ni kuni, kwamba nchi nyingi zinaishiwa na miti ya kupikia. Miaka hiyo hiyo ndipo jiko la udongo na bati, lile tunalolijua wote, lilipotengenezwa na kusambazwa Kenya ili kupunguza makaa. Wao walikuwa wanatafuta njia ya kutumia oveni iliyokaa bure. Sisi tulikuwa tunatafuta njia ya kufanya kopo la makaa lidumu hadi jioni.

Ndiyo maana soko letu lilizaa kitu tofauti kabisa. Pita kwa mama mboga yeyote wa mtaa jioni. Kuna maharagwe yamechemshwa, kuna githeri imeiva, sukuma imekatwa tayari. Unasema, "Mama, nipimie maharagwe ya finje," anakupimia kwa kikombe, unaenda kukaangia kitunguu na nyanya dakika kumi, umemaliza. Kuchemsha maharagwe makavu kwa mtungi wako wa kilo 6 ni saa nzima na zaidi, na gesi hiyo unaijua bei. Yeye anachemsha sufuria kubwa mara moja, moto unagawanywa kwa wateja arobaini.

Hilo ndilo tanuri la Napoli. Hilo ndilo ferran la Moroko. Mama mboga anakuuzia moto, na maharagwe yamekuja nao. Supamaketi inakuuzia piza na kukuachia moto. Ni biashara mbili zinazoelekea pande tofauti, na ile ya mama mboga ilitengenezwa na mtu anayejua jikoni kwako kuna nini.

Tuchape hesabu

Haya, wale wa namba. Nitatumia bei za mfano tu, wewe weka za mtaa wako.

Tuseme piza moto ya dukani ni thao moja, na ya kuoka mwenyewe ya ukubwa ule ule ni 750. Umeokoa 250. Oveni ndogo ya mezani ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa, kuipasha na kuoka, inakula kama yuniti moja ya stima. Tuseme yuniti ni bob 30. Umebaki na akiba ya 220. Kumbe moto wa siku moja si ghali sana. Hapo wale wa upande wa friza watapiga makofi.

Ngoja kwanza. Oveni umetoa wapi? Tuseme umenunua kwa 8,000. Gawanya kwa 220. Unahitaji kuoka piza 37 ndio oveni ijilipe. Kama wewe ni wa piza moja kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Hapo hatujahesabu keja ambazo landilodi amekataza vitu vya kula stima kwa sababu mita ni ya ploti nzima, wala tokeni kuisha piza ikiwa nusu, jibini imeyeyuka na unga bado mbichi. Waliowahi kupoteza stima katikati ya kupika wananielewa.

Halafu kuna Jumanne. Maduka kadhaa ya piza hapa yamezoesha watu ofa ya siku moja kwa wiki, nunua moja upate ya pili bure. Kwa mfano wetu hiyo ni piza mbili kwa thao, yaani 500 kila moja, imeiva, na huoshi tray. Piza mbichi ya 750 haina la kusema mbele ya hiyo. Ofa ya hivyo inawezekana kwa sababu gani? Oveni ya duka inawaka siku nzima hata kama wateja ni wachache, kwa hivyo ni afadhali ioke mingi. Ni ile hesabu ya mikate hamsini imerudi.

Sasa geuza. Mko wanne kwa nyumba moja, oveni ilikuja na nyumba ama mmechanga elfu mbili mbili, na kila Ijumaa mnakula piza moja. Piza 37 ni wiki 37. Kabla ya mwaka kuisha oveni imejilipa, na kuanzia hapo mnaokoa kweli. Ongeza kwamba kwa oveni hiyo hiyo mnaoka keki, viazi na kuku. Moto umegawanywa. Hapo piza ya friza ni bei nzuri, na mtu asikudanganye.

Na kuna njia ya tatu ambayo wazazi wetu waliijua kabla ya sisi kuanza kubishana. Keki nyingi za mitaani zimeokwa kwa sufuria juu ya jiko, makaa yakiwekwa pia juu ya kifuniko. Piza inakubali hivyo hivyo. Hata kwa gesi, sufuria nzito, kifuniko na moto mdogo inaiva, ingawa juu haitakuwa ya rangi ya tangazo. Ila ukifikia hapo, jiulize kwa nini usikande unga mwenyewe. Ngano, hamira, chumvi, maji na mafuta kidogo si vitu vya kukushinda, wewe ambaye chapati unapiga. Kile kitakachokula pesa ni jibini. Hapo utagundua ile 750 ililipia nini hasa: dakika ishirini za kukanda na saa moja ya kungoja unga uumuke.

Basi, ni bei nzuri ama la?

Kwa mama wa Oregon mwenye oveni iliyokuja na nyumba na kadi isiyonunua chakula moto, ni bei nzuri. Kwa wanne wanaoshea nyumba na oveni, ni bei nzuri. Kwa msee wa bedsita mwenye mtungi wa kilo 6, mita ya pamoja na hamu ya piza mara moja kwa mwezi, subiri Jumanne ama ununue kipande. Huyo akinunua oveni ili aokoe soo mbili, ameingia kwa biashara ya piza bila kujua, na yeye ndiye mfanyakazi pekee.

Kinachoniuma ni kitu kikubwa kidogo kuliko piza. Bidhaa nyingi zinazotufikia zikiitwa nafuu zilipangwa kwa ajili ya nyumba nyingine, nyumba yenye oveni, friza, maji ya mfereji siku zote na stima isiyopotea. Zikifika hapa, ile bei ya chini inakuja na orodha ndefu ya vitu ambavyo ilidhani tayari unavyo. Kisha ukishindwa, unaambiwa hujui kubajeti. Aki, umasikini una gharama zake ambazo haziandikwi kwa risiti.

Kwa hivyo ukiwa pale kwa friza na boksi mkononi, usisome bei peke yake. Jiuliza huu moto nitautoa wapi, na nitaugawanya na nani. Kama jibu ni "peke yangu, kwa tokeni ya finje", rudisha boksi, toka nje, na umpitie mama mboga. Yeye alishawasha.

Niambieni huko chini: kwa hesabu ya keja yako, piza ngapi ndio oveni ijilipe? Leteni namba, matusi muwache.